Kodi, Msaada na Chungu cha Nyumba

Wasomaji wetu wengi hulipa kodi kila siku bila kuiona, na baadhi yao hupokea msaada wa serikali mbele ya macho ya kijiji kizima. Juu ya mambo hayo mawili husemwa maneno makali. Huyu asema masikini ndiye anayekamuliwa. Yule amjibu ya kwamba masikini halipi kitu, bali hula jasho la wenziwe. Na kila mmoja ana hesabu zake mkononi. Leo twapenda kuuliza swali lililo nyuma ya hesabu hizo, ambalo kwa kawaida huachiwa makarani ingawa ni swali la haki: tunapopima mapato ya watu ili tujue kodi yamwangukia nani na msaada wamfikia nani, twapima nini hasa? Nyumba, au mtu? Fedha ya mwezi, au mavuno ya mwaka? Kilichoingia, au kilichobaki?

Wazee wa nchi yetu walilijua swali hili kabla ya wataalamu. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na huko mashambani kila kibanda kikadaiwa rupia 3. Aliyeitunga kodi ile hakuuliza ndani ya kibanda wamelala wangapi, wala jana walikula nini. Nyumba ya jumbe na kibanda cha mjane vilikuwa kitu kimoja mbele ya daftari. Mwaka 1905 hesabu ikahamishwa kutoka nyumba kwenda vichwa vya wanaume. Mwaka huo huo vikaanza vita vya Majimaji, na kodi ilikuwa mojawapo ya machungu yaliyovileta. Sisi wa Songea hatuna haja ya kukumbushwa watu waliotundikwa hapa mwaka 1906. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1922, wakatoza nyumba na kichwa pamoja, hata mwenye wake watatu akalipia nyumba ya kila mke. Mahali pengi katika Afrika kodi ya namna hiyo ilipotozwa, watu walijifunza upesi kujazana katika kibanda kimoja ili vibanda vya kuhesabiwa vipungue. Hivyo kipimo chenyewe kiligeuza namna watu walivyolala.

Mtu atasema: dawa ni rahisi, kila mtu atozwe kwa kadiri ya mali yake. Ni kweli, hiyo ndiyo haki. Lakini tazama yaliyotokea Upare. Katika miaka ya vita vikuu vya pili watawala wa huko walileta kodi ya kadiri ya mali, ikaitwa mbiru, juu ya kodi ya kawaida. Kwa maandishi ilikuwa ya haki kuliko kodi ya kichwa, kwa kuwa mwenye nacho angelipa zaidi. Hata hivyo mwezi wa Januari 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka mpaka Same, makao ya wilaya, wakakaa huko miezi na miezi wakiipinga. Mwaka uliofuata wanawake nao wakasimama huko Usangi. Mwishowe kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1971. Sisi twaona fundisho moja ndani yake. Watu wale hawakuwa wajinga wasiojua haki. Walijua ya kwamba kusema “kila mtu kwa kadiri yake” hakutoshi mpaka ijulikane kadiri hiyo hupimwa na nani, kwa mizani gani, na jirani aweza kuiona mizani hiyo au hawezi.

Basi tuitazame mizani ya siku zetu.

Tuanze na mshahara. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020 na 2021, mfanyakazi wa Tanzania Bara halipi kodi juu ya shilingi 270,000 za kwanza za mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 hulipa asilimia 8, na juu yake, hadi 760,000, asilimia 20. Kodi hii humwangalia mtu mmoja mmoja. Tuseme hapa Hanga wako mume na mke, kila mmoja ana mshahara wa 270,000 unaostahili kutozwa. Katika nyumba yao zaingia 540,000, nao hawalipi hata senti. Ng'ambo ya barabara yuko mwalimu mwenye 540,000 peke yake. Mkewe analima, na watoto ni sita, wawili wao wa marehemu ndugu yake. Huyu hulipa shilingi 24,000 kila mwezi. Fedha ni ile ile, nyumba ni mbili, na iliyo na midomo mingi ndiyo inayotozwa. Hatusemi kwamba sheria hii imetungwa kwa ubaya. Kumtoza mtu peke yake kuna faida yake: mke hafanywi kiambatisho cha mumewe, wala ndoa haiadhibiwi kwa kodi. Lakini yeyote asemaye ya kwamba kodi ya mshahara humpata tajiri zaidi kuliko masikini, aseme kwanza tajiri kwake ni nani: mwenye mshahara, au mwenye chungu kilichojaa?

Wataalamu wa hesabu za taifa wamechagua chungu. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Chungu kimoja, kaya moja. Tena, ijapokuwa jina la utafiti hutaja mapato, umasikini hupimwa kwa matumizi. Hapo wamefanya vema. Mkulima wa Hanga huvuna mahindi kati ya mwezi wa sita na wa nane, huuza magunia kadhaa, na mengine huyatia katika kihenge. Ukimwuliza mwezi wa Agosti ana kipato gani, utamkuta bwana mkubwa; mwulize mwezi wa Februari, utamkuta hana kitu, na bado anakula. Mahindi yaliyotoka kihengeni kwenda jikoni hayakupita dukani, lakini ni chakula, nayo hayana budi kuhesabiwa kwa bei yake. Asiyeyahesabu atawafanya wakulima wote kuwa ombaomba, na asiyengoja mwaka mzima upite atapima majira badala ya watu.

Jambo gumu huja baada ya hapo, yaani kukigawa chungu. Watu watano hawali sawasawa na watu watano wengine, kwa kuwa mtoto mchanga hali kama baba. Kwa sababu hiyo mizani iliyotumika katika tafiti za nchi yetu humpa kila mtu uzito kwa kadiri ya chakula kinachomtosha. Mwanamume wa miaka 19 hadi 59 ni 1.00, na mwanamke wa umri huo ni 0.88. Mtoto wa miaka 7 au 8 ni 0.64, wa miaka 5 au 6 ni 0.56, na aliye chini ya miaka 3 ni 0.40. Mwanamke aliyepita miaka 60 ni 0.72. Katika utafiti wa mwaka 2017/18 mstari wa umasikini wa mahitaji ya lazima uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima mmoja wa mizani hiyo, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakaonekana kuwa chini yake.

Sasa fanya hesabu pamoja nasi, msomaji, maana si ngumu. Katika nyumba moja mna baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu wa miaka 8, 5 na 2. Jumla ya uzito wao ni 4.20, na mstari wa umasikini wa nyumba yao ni shilingi 207,144. Matumizi yao ya mwezi, pamoja na mahindi ya kihengeni, ni 220,000. Basi wamepita, si masikini. Lakini mhesabu bibi kuwa mtu mzima kamili, yaani 1.00 badala ya 0.72. Uzito wa nyumba wawa 4.48, mstari wapanda hadi 220,954, na nyumba nzima, wale watu sita, yaanguka chini ya mstari. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza hata kibaba kimoja cha unga. Kilichobadilika ni namna tulivyomhesabu mwanamke mzee.

Mtaalamu atajibu, naye ana haki kujibu, ya kwamba ukibadili uzito huna budi kuupima upya na mstari wenyewe. Na tena namba ile ni ya chakula cha mwili, wala si ya heshima ya mtu. Twakubali. Lakini bibi huyo hahitaji ugali tu. Magoti yake yataka dawa, macho yake yataka miwani, na nauli ya kumpeleka hospitali haipungui kwa sababu anakula kidogo. Mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya ugali yatumika kupimia maisha yote, nasi twaona ni wajibu wa mwenye kuitumia kulisema hilo waziwazi kila anapotangaza asilimia zake.

Tuje kwenye msaada. Mfuko wa TASAF, ulioanza mwaka 2000, tangu mwaka 2012 umekuwa na mpango wa kunusuru kaya masikini, na katika miaka michache ukazifikia kaya zaidi ya milioni moja. Mkutano wa kijiji huwataja walio masikini. Kisha hujazwa fomu yenye maswali juu ya nyumba, watu wake na vitu vyao, ili makisio ya hali yao yapatikane bila kuuliza mapato, ambayo hakuna awezaye kuyathibitisha. Ni njia ya busara, nayo ina upofu wake. Mjane aliyeachiwa paa la bati na marehemu mumewe aonekana na bati lake; haonekani ya kwamba tangu mazishi hajanunua hata kopo la rangi. Katika utaratibu wa mpango huo liliwekwa fungu la msingi la shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, nalo likaongezwa kwa ajili ya watoto hadi kikomo fulani. Fungu la msingi ni moja kwa nyumba ya watu wawili na kwa nyumba ya watu tisa. Mtu mwenye akili, akiona hivyo, ataanza kufikiri kama mwanawe aliyeoa hafai kuhamia kibanda cha pili na kuitwa kaya. Wakati wa rupia 3 watu walijazana. Wakati wa msaada huenda wakatawanyika.

Na nani atahesabiwa kuwa amesaidiwa? Hapa pana kosa ambalo hata watu wasomi hulifanya. Tuseme nyumba ya kwanza ina shilingi 30,000 kwa kila mtu, na ya pili 32,000. Msaada wa 6,000 kwa kila mtu ukaenda kwenye nyumba ya kwanza, kama ilivyostahili, nayo ikawa na 36,000. Mwaka unaofuata anakuja mkaguzi, anazipanga nyumba kwa mapato zilizo nayo siku hiyo, na kuandika: “Nyumba iliyo masikini kuliko zote haikupata msaada, msaada umemwendea mwenye nafuu.” Kila neno lake ni kweli, na hukumu yake ni ya uongo. Ametumia msaada wenyewe kuwa ushahidi kwamba haukuhitajika. Atakaye kujua kama msaada ulimfikia masikini, hana budi kuwapanga watu kama walivyokuwa kabla ya kodi na kabla ya msaada. Na atakaye kujua ni nani masikini leo, awapange kama walivyo baada ya vyote viwili. Safu hizi ni mbili, na anayezichanganya atafunga mkono wa serikali mbele ya wenye haki au ataufungua mbele ya wasio na haki.

Lakini mtu wa nyumba ya pili asisahauliwe. Jana alimzidi jirani yake kwa shilingi elfu mbili tu, na leo amepitwa kwa elfu nne. Hakutenda kosa lolote. Tukimwambia ya kwamba kwa jumla umasikini umepungua, tutakuwa tumesema kweli, naye atakwenda nyumbani akiwa na uchungu wake.

Jambo jingine dogo, ila latufundisha mengi: mwalimu aliyestaafu. Ukiiita pensheni yake msaada wa serikali, basi kabla ya msaada huo alikuwa hana kitu kabisa, na serikali yaonekana imemtoa katika ufukara mkubwa. Ukiiita ujira wake uliowekwa akiba, hakusaidiwa na mtu. Alirudishiwa jasho lake. Kwa kubadili jina la fedha ile ile, nchi yaweza kuonekana yenye huruma kuu au yenye huruma haba. Sisi twaiita ujira, maana makato aliyakatwa yeye mwenyewe katika miaka ya chaki.

Kodi zisizoonekana ni nzito zaidi, ingawa maneno yake ni machache. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 1998 na tangu mwaka 2009 ni asilimia 18, haitozwi juu ya mahindi mabichi. Hutozwa juu ya sabuni. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Sababu ilikuwa njema, lakini aliyelipa ni mwenye kibatari. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika umeme wa LUKU, na aununuaye umeme mara nyingi ni mpangaji, si mwenye jengo. Wachunguzi waliofuata njia iliyoanzishwa na Bibi Nora Lustig wa Chuo Kikuu cha Tulane, wakitumia utafiti wetu wa mwaka 2011/12, waliona katika Tanzania jambo linaloshangaza: kodi na matumizi ya serikali, yakichukuliwa pamoja, hupunguza tofauti kati ya tajiri na masikini, na papo hapo, ukihesabu fedha peke yake, kodi za vitu hutoa mkononi mwa masikini wengi zaidi ya kile ambacho msaada huwarudishia. Mambo hayo hayapingani. Yule anatazama umbali kati ya ngazi ya juu na ya chini. Huyu anatazama kama aliye chini amefikia sakafu. Masikini hurudishiwa kwa shule na zahanati, nasi twashukuru. Walakini mama hawezi kukata kipande cha darasa akanunulie chumvi.

Imebaki sehemu ambayo gazeti la jamaa za Kikristo lingependa kuipita kimya. Sisi twaisifu familia, twaiita msingi wa taifa, na kwa hiyo twapenda kipimo kinachotazama nyumba badala ya mtu. Lakini kila utafiti wa chungu hujengwa juu ya dhana moja, kwamba kilichoingia katika nyumba hugawiwa kwa wote kwa kadiri ya haja zao. Ni nani kati yetu asiyejua nyumba ambayo mahindi huuzwa na baba, na fedha huishia kilabuni kabla ya kufika jikoni? Katika daftari watoto wa nyumba hiyo wamo juu ya mstari. Kwa kipimo chetu kipenzi hawaonekani kabisa. Katika mpango wa TASAF wapokeaji wengi ni wanawake, nasi twadhani ni sawa. Aliyelipanga hivyo alijua jambo ambalo hesabu ya kaya haiwezi kulisema.

Zanzibar wamefuata njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi alianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa ana watoto wangapi wala paa lake ni la nini. Mkutano haukukaa kumtaja mbele ya watu kuwa masikini. Fedha yafika kwake mwenyewe, awe anaishi na mwana mwema au mwana mpotevu. Twajua la kusemwa dhidi yake: mzee tajiri naye hupokea, na fungu hilo lingeweza kwenda kwa mtoto mwenye njaa. Ni neno zito. Nchi yenye fedha chache haina ruhusa ya kuzimwaga.

Hata hivyo, tukiulizwa leo, kwa wazee twachagua njia ya Unguja, na kwa jamaa changa zenye watoto twachagua njia ya kaya, kwa sharti moja walilolidai wazee wa Upare: mizani iwekwe mezani. Mkutano wa kijiji ukisha kuyasoma majina, zisomwe na sababu. Nyumba iliyoachwa ielezwe ni swali gani katika fomu lililoiacha, nayo iwe na siku ya kujibu mbele ya watu wanaojua paa lile lilijengwa lini na nani. Yule wa shilingi 32,000 hawezi kupewa fedha ambazo hazipo. Kuelezwa aweza, na mkutano ujao hapa kijijini ni mwezi ujao.